Kidole cha Jaji

Jaji ninayemlinda ana kidole kirefu chenye madoa ya wino, na hakitulii mpaka kipate kifungu cha sheria cha kukaa juu yake. Wakili akipaza sauti, yeye anashusha yake: "Kifungu gani?" Leo ilikuwa zamu ya wakili wa serikali. Wauza mboga wa Kalerwe walikuwa wamefukuzwa sokoni, naye akasema Rais mwenyewe ndiye aliyeamuru. Mimi ni polisi, nimezaliwa kambi ya polisi ya Naguru. Amri ikitajwa, visigino vyangu hugongana vyenyewe. Jaji akamsogezea Katiba. "Rais naye mamlaka yake yamo humu humu. Nionyeshe." Wakili akafunua, akafunua, mwisho akaifunga. "Basi hawa warudi kwenye meza zao," Jaji akaamua.

Tulipokwama kwenye foleni ya magari ya Ntinda, simu ya Jaji ikalia. Sauti ya mkubwa fulani ilinifikia hadi kiti cha mbele: "Mheshimiwa, hukumu hiyo ibadilishe kabla ya jioni." Kidole kikatua gotini, kana kwamba kitabu kiko pale. "Kifungu gani?" akauliza, kwa upole uleule. Mkubwa akakata simu. Nikiwa nimeketi vilevile, nikagonganisha visigino mwenyewe, wala hakuna aliyeniamuru.