Neno Walilommalizia Mama

Jumapili asubuhi hapa Kakoba, mjini Mbarara, kabla bodaboda hazijaanza kugombania abiria, sauti ya kwanza kuingia chumbani kwangu ni ya spika ya kanisa lililo nyuma ya duka la unga. Mhubiri wake ni Mkongo, na hilo halihitaji kuulizwa. Juzi nilikuwa nasugua sufuria uani, mikono imejaa povu, nikamsikia anasema kwa nguvu, "Leo tutashangi—" kisha akanyamaza. Nami peke yangu, mbele ya sufuria, nikajibu, "—lia." Jirani yangu Mnyankore alitoa kichwa mlangoni akauliza naongea na nani. Nilicheka tu nikarudia sufuria, kwa sababu angenielewa vipi, yeye ambaye hakukulia kwetu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi?

Kwetu, mchungaji hakumaliza neno peke yake. Wazee wetu walikuja na desturi hiyo kutoka Kivu ya Kusini pamoja na masufuria na nyimbo zao. Pasta alianza neno, akalikata katikati, akainua kidevu kidogo, na kanisa zima likalimalizia. Mtu aliyesinzia aliamshwa na nusu ya neno. Nilipokuwa mdogo kabisa niliamini kuwa maneno yote ya dunia yana vipande viwili, kimoja cha Pasta na kimoja cha kwetu. Nilipoanza shule, mwalimu akaita majina, akafika kwangu akasema "Ri—" akakohoa, nikamjibu "—ziki" kwa sauti ya kanisani. Darasa lilicheka wiki nzima, na mimi sikuona kosa langu liko wapi.

Mama alikuwa bingwa wa kumalizia. Pasta akisema herufi mbili tu, mama ameshafika mwisho wa neno na anamsubiri huko. Lakini kusoma hakujua. Alitolewa shuleni Kivu akiwa bado anajifunza kushika kalamu, ili abebe wadogo zake mgongoni, na tulipofika Nakivale alitia dole gumba kila mahali alipoambiwa aandike jina. Hakuzungumzia jambo hilo. Ila nilimwona mara nyingi akishika kitabu cha nyimbo sawasawa, kikiwa wazi kwenye ukurasa usiohusika, akiimba kwa moyo wote.

Kisha kanisa likaanzisha masomo ya alfa, yaani ya kufundisha watu wazima kusoma, na mama akawa wa kwanza kukaa kwenye benchi. Aliyefundisha alikuwa Mwalimu Zawadi, dada mwembamba kutoka Uvira aliyevaa miwani ya mtu mwingine. Njia yake ilikuwa ya makofi. Neno liliandikwa ubaoni kwa chaki, na wamama wakalipiga makofi kipande kwa kipande, wa, li, o, tu, mpaka vumbi likaruka. Kwa maneno mafupi ilikuwa raha tupu. Kwa maneno marefu, na Kiswahili chetu kinayapenda kweli kweli, wakifika mwisho wa makofi mwanzo wa neno ulikuwa umeshapotea, wanatazamana kama watu walioshuka kwenye basi mji wasioujua.

Mwaka huo, ibada ya mavuno ilipokaribia, Mwalimu Zawadi aliwaambia kuwa mmoja wao atasimama kusoma neno la shukrani mbele ya kanisa lote. Wamama walilitunga wenyewe, yeye akaliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja. Aliuliza nani atasoma. Mama aliniambia baadaye kwamba mkono wake uliinuka wenyewe, na alipougundua uko juu ilikuwa aibu kuushusha. Usiku huo alitueleza mimi na baba tukiwa tunakula ugali, na akaongeza, akitazama sahani, kwamba akishindwa mbele za watu hatarudi tena alfa. Nilimjua mama yangu, maneno kama hayo hakuyasema bure. Baba akaamua kutania, kama kawaida yake.

"Bibi yangu, ukishindwa, miye nitatokea mu dirisha."

Dirisha la kanisa letu lilikuwa tundu tu kwenye ukuta wa udongo, na baba alikuwa mtu mnene. Mama alicheka, na mimi nikajua kazi imeniangukia mimi, kwa sababu kusoma nilikuwa nimekwisha kujua.

Tulifanya mazoezi kila jioni mlangoni, jua likiwa bado lipo juu ya vilima vya Isingiro na vumbi la ng'ombe wenye mapembe marefu likitulia barabarani. Baba alikaa pembeni akikoboa maharagwe, akijifanya hana habari nasi. Yeye alfa hakwenda. Alidai kichwa chake kimeshajaa mahindi, hakuna nafasi ya kitu kingine.

Taabu ya mama niliigundua siku ya kwanza. Alikuwa anatazama mwanzo wa neno, kisha anaachana nalo na kumalizia kwa kichwa. Palipoandikwa "tulipofika" alisoma "tulipolima." Palipoandikwa "hatukuwa" alisoma "hatukulala." Tena alisoma kwa sauti nzuri, bila wasiwasi, kama mtu anayejua anakokwenda. Pasta alikuwa amemfundisha miaka yote hiyo kwamba nusu ya neno inatosha, na sasa karatasi haikukubaliana na Pasta. Nilipomsahihisha alishangaa kwa dhati.

"Kinywa yangu inakimbiaka mbele ya macho," alisema.

Nikakata kipande cha boksi la sabuni. Nikakiweka juu ya neno, nikawa nakivuta taratibu ili herufi zijitokeze kidogo kidogo. Lengo langu lilikuwa kumzuia tu asikimbie, lakini mama akageuza jambo lile kuwa mchezo. Neno lililomtesa kuliko yote lilikuwa kwenye sentensi inayowashukuru Wanyankore, wenyeji wetu: "waliotukaribisha." Nilivuta boksi, akaona mwanzo. Akainua kidole nisiendelee.

"Ni bantu," alisema. "Ni bantu benye balifanya kitu." Nikavuta tena. "Balitufanyia siye." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Sasa, balitufanyia nini?"

Sijasahau furaha ya jioni ile. Nilikuwa nimezoea kulimeza neno hilo lote kwa mara moja, kama dawa, bila kujua lina watu ndani yake. Mama aliwaona wakija mmoja mmoja, kwanza watu, kisha walichotenda kikiwa bado kimefichwa chini ya boksi, kisha sisi wenyewe tuliotendewa, na mwisho kabisa mlango unafunguliwa na tunakaribishwa. Alinifanya nirudie kuvuta boksi mara nyingi, na kila mara alifurahi upya. Maneno mengine, kama "mchungaji" au "asubuhi," hakutaka yakatwe hata kidogo. Hayo, alisema, anayajua sura, na mtu unayemjua humuulizi ukoo wake kila mnapoonana. Nilianza kumvizia nione lipi atalimeza zima na lipi atalikata, na hata leo nikisoma gazeti hujivizia mwenyewe hivyo hivyo.

Siku ya mavuno kanisa lilinuka maboga, mihogo yenye udongo mbichi, na kuku waliofungwa miguu chini ya meza ya mbele. Wamama walivaa kitenge cha aina moja. Pasta alikuwa amealika wageni, mwenyekiti wa kijiji na mzee mmoja Mnyankore aliyekuwa wa kwanza kutukodisha shamba, na pia afande kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara, aliyekuja na mke wake na watoto waliopakwa mafuta mpaka wakameremeta. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, na sisi watoto tulikaa mbele kwenye mkeka. Niligeuka kumtafuta baba. Alikuwa ameketi karibu kabisa na dirisha. Alinikonyeza.

Mama aliitwa. Aliikunjua karatasi, akainyoosha kwa kiganja. Alianza, na alianza vizuri. "Sisi wamama tunamshukuru Mungu kwa mavuno. Tulipofika hapa hatukuwa na jembe wala mbegu." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kuimba, ila kila neno lilikuwa lile lililoandikwa. Midomo yangu ilikuwa inakwenda pamoja naye. "Tunawashukuru wenyeji waliotuka—"

Akasimama.

Nilimwona akilitazama neno, na nikajua kwamba halioni tena. Boksi la sabuni halikuwepo. Neno lote lilikuwa wazi mbele yake na lilikuwa refu mno. Kama angekuwa mama wa zamani angekimbia mbele na kusema lolote, lakini mimi nilikuwa nimeshamfundisha asikimbie. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilitaka kumpigia kelele neno hilo kutoka mkekani, lakini mbele ya wageni wale sikuthubutu. Nilimwona mama akianza kuishusha karatasi, na moyo wangu ukashuka nayo.

Ndipo nyuma yangu sauti moja ikasema, bila haraka, "—ribisha." Na kanisa zima, watu waliozoeshwa miaka yote kutoliacha neno likiwa nusu, wakaipokea kwa nguvu, "—ribisha!" Vigelegele vikapanda mpaka kuku chini ya meza wakaanza kupigana. Mzee Mnyankore aliyetukodisha shamba alisimama akapunga kofia yake. Mama aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akatutazama wote, na nikaona hofu inamtoka usoni. Akaendelea kusoma kwa sauti ile ya kuimba. Alipofika karibu na mwisho, penye watoto watakaokuja nyuma yetu, alisema "watakao—" akainua kidevu, kama Pasta mwenyewe. Kanisa lilimmalizia kwa shangwe.

Baada ya ibada watu walimshika mikono wasitake kumwachia. Walimpongeza kwa ujanja wake wa kusoma pamoja na watu, tofauti na wasomi wanaosoma peke yao kama wanakula peke yao. Afande alimletea mke wake amsalimie, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "Huyu mama iko mzuri sana. Yeye nasoma, na watu nasoma pamoja na yeye." Mama alijibu asante kwa adabu kubwa. Hakuna aliyejua kuwa alikwama, nilijiambia. Tulijua wawili tu, mama na mimi. Nilikaa na siri hiyo nikijiona mtu mzima. Baba alitokea mlangoni kama watu wengine, akambeba kuku mmoja aliyeponyoka.

Mama aliendelea na alfa mpaka Mwalimu Zawadi akamfanya msaidizi wake. Kila mavuno alipewa asome yeye, na kila mavuno, katikati ya kusoma, alisimama kwenye neno moja refu, kanisa likalimalizia. Wengine walifurahi, mimi niliumia. Niliona kwamba mama yangu, pamoja na bidii yake yote, bado hajayaweza maneno marefu. Kwa hiyo mavuno yalipokaribia nilileta boksi la sabuni, nikamketisha mlangoni, nikamkamia kama mwalimu mkali. Naye alirudia na kurudia bila kulalamika hata siku moja. Niliendelea hivyo mpaka nilipokuja Mbarara kusoma sekondari.

Nilikuwa nimeshapata kazi na chumba hiki cha Kakoba alipokuja kunitembelea, akapitia sokoni Kaberebere kuninunulia mkungu wa ndizi kana kwamba Mbarara hakuna ndizi. Tulikaa uani tukimenya. Mkononi mwake alikuwa na kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, na alikuwa anakisoma huku anaongea, haraka, bila kukata popote, maneno marefu na mafupi sawasawa. Nikamuuliza, basi kwa nini kanisani bado anakwama.

Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Ile neno ya kwanza nilikwama kweli," alisema. "Zile zingine hapana."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Sauti ile ya kwanza, iliyotangulia kanisa lote, ilikuwa ya baba. Aliitambua pale pale, angeitambua hata kwenye giza. Baba, ambaye hadi leo hajui herufi hata moja, alikuwa amesikiliza mazoezi yetu jioni zote zile mpaka karatasi nzima ikaingia kichwani mwake, neno kwa neno, na siku ya mavuno alikaa akisoma pamoja na mama bila karatasi. Nilimuuliza mama kama waliwahi kuzungumza juu ya hilo. Alitikisa kichwa. Baba hakusema, naye hakumuuliza, kwa sababu mwanaume akishaambiwa jambo kama hilo hataweza tena kulifanya.

"Lakini alipenda sana," mama alisema, akirudia kumenya. "Nilimuona uso. Njo maana kila mwaka ninamuachiaka neno moja."

Mavuno yaliyofuata niliomba ruhusa kazini nikarudi Nakivale. Sikukaa na wanawake, nilisimama nyuma karibu na mabenchi ya wanaume, nikasingizia joto. Mama alisoma kama maji. Alipofika kwenye neno lake la mwaka ule, alilikata, akainua kidevu, akasubiri. Kabla kanisa halijafungua kinywa, baba alishalimalizia, kwa sauti ya chini, akiangalia mabati kama mtu ambaye mambo hayo hayamhusu.