Mirunda ya Mzee Bado

Mafundi wanamwita baba yangu Mzee Bado. Kazi yake ni mirunda, ile miti inayosimamishwa chini ya slabu kuishikilia mpaka zege likomae. Kila mrunda anaukaza kwa kabari chini, halafu anaandika kwa chaki tarehe ya kumwaga zege. Ukimuuliza kama itolewe, atakuambia bado. Wapiga plasta humtania kwamba hata mtoa roho akimjia ataambiwa hivyohivyo.

Msimamizi wa jengo ni Baba Mkubwa, kaka yake. Nyumba tunayokaa nayo ni ya Baba Mkubwa. Sisi tuna chumba kimoja cha nyuma, na kutoka nje lazima upite ukumbini, mbele ya kiti chake.

Siku ya saba baada ya kumwaga slabu ya ghorofa ya pili, Baba Mkubwa alitaka mirunda itolewe ipandishwe juu, maana mingine haikuwepo na mwenye jengo alikuwa anakuja kukagua. Chini ya slabu hiyo walikuwa wapiga plasta watano. Baba akasema siku kumi na nne. Ubishi ukaanzia kazini, ukawafuata mpaka nyumbani, ukakaa nasi kwenye chakula. Mimi nilikuwa naondoa sahani.

"Mdogo wangu," Baba Mkubwa alisema taratibu, "kazini nani alikuingiza?"

"Wewe, kaka."

"Unalala kwa nani?"

"Kwako."

"Basi kesho mirunda ipande."

Mama alikuwa anamwangalia Baba, anamsihi kwa macho. Baba akanawa mikono, akanawa tena.

"Sina pa kwenda, kaka, na wewe unajua. Ila kabari sizigongi zilegee. Ukipata wa kuzigonga, atanikuta pale chini na wale wa plasta."

Kesho yake vijana wawili walitumwa wakiwa na nyundo. Wakamkuta ameegemea mrunda wa katikati, anakula mkate mkavu. Wakamwamkia, wakarudi walikotoka. Tangu hapo akawa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na mchana haendi kula na wenzake. Nyumbani Baba Mkubwa aliacha kuitikia salamu zetu. Tulikuwa tukisikia kiti kinalia, tunabana haja zetu chumbani mpaka ainuke.

Usiku mmoja Mama alimuuliza Baba kwa nini hawezi kuinama kidogo tu. Akasema, "Nainama kila siku, mama watoto, nikipita kwenye ule ukumbi."

Siku ya kumi na nne alizigonga kabari mwenyewe, akianzia katikati kwenda kwenye kuta, akilegeza kidogokidogo. Walinisimulia wapiga plasta. Slabu ilitulia, hata ufa wa unywele haukuonekana. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Si unaona? Zege lilishashika siku nyingi. Wiki nzima umetupotezea bure."

Wale watano walikuwa wanasikia. Baba angesema nini, na zege lenyewe liko juu, zima? Alibeba mrunda begani akapanda ngazi.

Jioni alipita ukumbini, akasalimia kama kawaida. Alipofika chumbani akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Ghorofa ya tatu inamwagwa Jumatatu, na Baba Mkubwa ameshatangaza kwamba mirunda itatoka siku ya sita.