Uso wa Mwenye Sauti

Sauti ya Cresensia ilirekodiwa wakati wa Kwaresima, kabla mvua za masika hazijaikatakata barabara ya Daa. Alisimama kwenye kachumba ka studio pale Karatu mjini, kuta zimezibwa kwa magodoro ili mwangwi usirudi, akaimba ubeti wake wa Wimbo wa Mavuno mara moja tu. Fundi mitambo akavua vifaa vya masikioni, akasema, "Dada, hapo hatugusi kitu." Mwalimu Vedasto, aliyekuwa akiifundisha kwaya ya kigango chao, akapiga makofi peke yake kama mtu aliyeshinda kesi ya mpaka wa shamba.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya kwaya, aelewe hivi. Sauti hurekodiwa kwanza. Picha hufuata baadaye, pengine miezi mingi baadaye, sare zikishashonwa na mahindi yakishaingia ghalani. Siku ya picha hakuna anayeimba hasa. Spika inapiga wimbo, watu wanachezesha midomo. Kwa hiyo mwenye sauti akiugua, au akiolewa mbali, mwenzake anaweza kusimama mahali pake na mtazamaji asijue lolote. Ni msaada mzuri tu. Lakini Cresensia hakuwa ameugua, wala hakuwa ameolewa mbali.

Mwalimu Vedasto alimwita pembeni jioni moja baada ya mazoezi.

"Cresensia, mdogo wangu, kwenye video ubeti wako atasimamia Antonia."

"Antonia amejifunza ubeti wangu?"

"Hapana, hapana. Sauti inabaki yako. Yeye ni kwa ajili ya... yaani, kuonekana tu. Unajua kamera za siku hizi, zinakuja mpaka hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua yake. "Na watu wa YouTube wana midomo."

Cresensia alimtazama mpaka mwalimu akainamisha macho. Neno lililokuwa limemkwama mwalimu kooni alilijua vizuri. Alikuwa amelibeba usoni tangu sekondari.

Zilianza kama chunusi za kila msichana, zikageuka kuwa majipu ya ndani, yenye kuuma hata akilaza shavu kwenye mto. Alizikamua kwa kucha. Alipaka dawa ya meno, majivu, limao, ute wa yai. Kila mpita njia alikuwa daktari wake. Wavulana wa shule kule Endabash wakambatiza jina la Rafu Rodi, yaani barabara mbovu, wakawa wanajifanya kuyumba kama wako garini kila akipita. Miaka ikaenda, majipu yakapungua bila kuisha, yakaacha madoa meusi mashavuni na mashimo kwenye mifupa ya mashavu, mashimo yanayoshika kivuli jua likiwa pembeni. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, analima karoti na spinachi na kuziuza kwenye loji za watalii, na bado alizoea kumgeuzia mtu upande wa kushoto, uliokuwa na nafuu. Kanisani tu ndipo alipojisahau. Watu wakiimba kwa moyo hufumba macho.

Antonia alimfuata njiani usiku ule ule, akihema. Walikuwa marafiki tangu kipaimara.

"Mimi sikuomba, Cresi. Naapa."

"Najua."

"Nikikataa, ataweka mwingine."

"Basi kubali. Ila usizoee," alisema Cresensia, na wote wawili wakacheka, ingawa kicheko cha mmoja kilikatika mapema.

Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua. Picha zingepigwa mvua za vuli zikianza, vilima vikirudi kijani. Uso wake ungekuwa tayari kabla ya hapo, na ubeti wake angeusimamia mwenyewe.

Haraka ndiyo iliyomponza. Kwenye saluni moja mjini alipewa kikopo kisicho na lebo, krimu nyeupe yenye harufu ya maua. "Hii ndiyo wanayotumia wa mjini," aliambiwa. "Usiulize imechanganywa na nini, uliza inafanya nini." Na kwa kweli ilifanya. Kabla mwezi haujaisha, majipu yalilala, madoa yakapauka, ngozi ikang'aa kama imepigwa pasi. Kwaya nzima iliona. Mwalimu Vedasto mwenyewe alisema, "Eh, binti, tutafikiria upya."

Kisha ngozi ikaanza kukonda. Akikaa karibu na jiko, uso unawaka. Akitembea juani, unawasha kama umepakwa upupu. Siku aliyosahau kupaka, vipele vyekundu vilifumuka kidevu kizima, na chini yake majipu ya zamani yakaamka na wenzao. Mama yake, Laurencia, alikuwa anageuza makande jikoni alipomwona vizuri kwa mwanga wa moto. Akaweka mwiko chini.

"Dasi," akamwita kwa Kiiraqw, kama alivyomwita alipokuwa msichana mdogo, "huu si uso wa mtu anayepona. Kesho unaenda hospitali."

"Aayo, mama yangu, watasema nini? Mtu mzima kwenda hospitali kwa chunusi?"

"Ng'ombe akitoka vipele tunamwita bwana mifugo. Wewe una thamani kuliko ng'ombe, au nimekosea?"

Hospitalini Karatu kulikuwa na daktari wa ngozi aliyekuja kwa zamu kutoka Moshi. Cresensia alitegemea mzee wa miwani. Alimkuta mwanamke wa makamo, Mmaasai wa Nainokanoka, Daktari Seenoi, na kitu cha kwanza alichokiona kilimfanya asahau salamu: kila shavu la daktari lilikuwa na alama ya duara, pete ya kovu, iliyotulia kama muhuri.

"Angalia tu," daktari alisema. "Wote wanaangalia. Bibi yangu alinichoma kwa chuma cha moto nikiwa mdogo. Walisema inazuia macho kuuma. Haikuzuia, nimevaa miwani tangu chuo." Akacheka. "Haya, na zako alichoma nani?"

"Zangu zimekuja zenyewe."

"Kovu haliji lenyewe, mdogo wangu. Lete kidole."

Akamwambia afumbe macho, apitishe kidole chake mwenyewe shavuni, taratibu. "Pale kidole kinapopita bila kuhisi kitu, lakini kioo kinakuonyesha weusi, hilo ni doa. Doa ni rangi iliyomwagika. Inafutika, kwa miezi, ukiikinga na jua na ukiacha kuichokoza. Pale kidole kinapodumbukia, hilo ndilo kovu lenyewe. Wewe ni mkulima, siyo? Fuko akipita chini ya shamba, juu kunakuwaje?"

"Udongo unabonyea."

"Ehee. Chunusi ya ndani ni fuko. Imekula chini, paa likashuka. Sasa wewe umekwenda kununua rangi ya kupaka juu ya shimo." Akakishika kile kikopo, ambacho Cresensia alikuja nacho, kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya. "Na hii si rangi tu. Hizi za vichochoroni nyingi zina dawa kali ya kutuliza ngozi, inayotumika kwa kipimo na kwa muda mfupi. Ukipaka kila siku usoni, inalainisha kwanza, halafu inaikondesha ngozi na kuleta chunusi zake yenyewe. Ukiacha, uso utalipiza. Utatamani kuirudia. Usirudie."

Cresensia akamweleza habari ya video. Alieleza yote, hata kiganja cha mwalimu mbele ya pua. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kulainisha, "Sikudanganyi. Kufikia vuli, majipu tunaweza kuyatuliza. Madoa yatapungua. Mashimo yatakuwepo. Mashimo tunayaanza majipu yakishalala, kwa vifaa vyenye sindano ndogondogo, tunaichokoza ngozi ijijaze yenyewe kutoka chini. Inafanywa kwa awamu, na katikati ngozi inapumzika. Mwishoni utapata nafuu kubwa. Ngozi ya mtoto hutapata. Na mtu akikuahidi kuyachoma kwa miale au kuyababua kwa asidi mara moja yaishe, kimbia. Ngozi nyeusi kama zetu ikiunguzwa ovyo inalipa kwa weusi mpya."

"Kwa hiyo nisianze?"

"Nimesema hivyo? Nimesema ujue unachokianza."

Alianza. Akaulizwa kama ana mimba, maana dawa nyingine hazifai kwa mjamzito, akasema hana. Akapewa dawa ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mafuta ya kukinga jua, na vidonge vya kumeza kwa muda. Akaambiwa anunue kofia pana. Na kucha, daktari akasema, zikatwe.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya, na zingemvunja mtu mwenye moyo mwepesi. Uso ulilipiza kama ulivyoahidiwa. Ulivimba, ukachubuka, ukatoa maji. Kikopo alikuwa amekitupa chooni siku ile ile, na mara moja alisimama mlangoni mwa choo akikifikiria, kisha akajicheka kwa sauti. Sokoni wenzake walimtania kwa kofia yake ya majani. "Mtalii, good morning! Unakwenda kreta leo?" Naye akajibu, "Ndiyo, nikubebee faru?" na kuendelea kupanga karoti. Kila usiku punje ya njegere. Kila asubuhi mafuta ya jua, hata siku za ukungu, maana ukungu wa nyanda zile hauzuii kitu. Mikono ilipotaka kukamua, aliipa kazi: alipalilia spinachi mpaka zikakosa magugu.

Mavuno yalipokwisha majipu yalikuwa yamelala, na safari hii yalilala kwa haki. Weusi ukaanza kuwa kahawia. Daktari Seenoi akamfanyia awamu ya kwanza ya sindano, shavu likiwa limepakwa ganzi. Alirudi nyumbani mwekundu kama aliyeshinda juani, na baada ya siku chache ngozi ikatulia. Awamu ya pili ikafuata. Alipopitisha kidole akiwa amefumba macho, kilidumbukia bado, lakini kwa kina kidogo zaidi. Hakumwambia mtu. Ilikuwa furaha ya kidole chake.

Mvua za vuli zikaanza. Siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya picha, sare mpya za njano zikiwa zimetundikwa dirishani, Mwalimu Vedasto akaita mistari. "Ubeti wa pili, Antonia, mbele."

Cresensia akatoka yeye.

"Cresensia, tulishaongea."

"Uliongea wewe, mwalimu. Mimi sikujibu. Leo najibu."

Mwalimu akamsogelea, akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu akasikia. Hakuwa mtu mbaya; ni mwoga tu wa kuchekwa. "Sikiliza. Ile krimu yako ya mwanzo, mbona ilikupendeza? Naweza kuwaomba wapiga picha wasogeze mbele kidogo, mwezi mmoja tu. Ukiipaka ile, ubeti ni wako. Neno langu."

Huo ndio ulikuwa mtego. Mwezi mmoja, uso laini, nafasi yake. Cresensia alijua hasa namna ngozi ile ingeng'aa, na alijua kingefuata nini, na sindano zote zile zingekuwa bure.

"Siipaki," alisema. "Sura ninayotibu ndiyo hii, na inakwenda polepole, na bado itakwenda. Kama haifai kwenye video, sawa. Mwambie fundi wa studio aitoe na sauti yangu. Aimbe Antonia kwa koo lake. Ama tunakwenda wote wawili, mimi na uso wangu, ama tunabaki nyumbani wote wawili."

Kisha kutoka mstari wa besi, Piusi, mtu mnene mwenye pengo, akasema taratibu, "Mwalimu, kama tunachaguliwa kwa sura, besi wote tuage sasa hivi, giza lisitukute njiani."

Kicheko kilipasuka mpaka sare zikatikisika dirishani. Antonia alikuwa ameshavuka chumba, akajipenyeza kwenye nafasi yake ya zamani katikati ya sauti ya kwanza. "Mimi niko hapa," alisema. "Ubeti ule una mahali pa kuvuta pumzi sijawahi kupaona."

Mwalimu Vedasto alijifuta paji la uso kwa leso. Akafikiria wimbo usio na sauti ile. "Ubeti wa pili," akasema mwishowe. "Cresensia."

Walipiga picha kwenye kilima karibu na njia ya kupandia lango la Lodoare, msitu wa Ngorongoro ukiwa nyuma yao na upepo ukitaka kuvua vitambaa vya wanawake. Dada wa vipodozi alikuja na podari nzito. Cresensia akamwomba apake nyepesi tu. Spika ikapiga, kamera ikaja mpaka karibu kabisa, jua likiwa pembeni, upande wake wa kulia. Badala ya kuchezesha midomo, aliimba kweli, kwa nguvu zote, sauti zake mbili, ya spika na ya koo, zikaenda sambamba.

Mpiga picha akarudisha alichokipiga, akatazama kwenye kioo kidogo cha kamera. "Safi sana, dada. Na usiwe na wasiwasi na hayo mashavu. Nikifika Arusha nabonyeza mara moja tu, yote yanafutika."

"Usibonyeze."

"Bure, dada, sikudai kitu."

"Mama yangu atakaa kuitazama hii na majirani," Cresensia alisema. "Ukifuta, atauliza huyo ni binti wa nani aliyeiba sauti ya mwanawe. Mashimo yangu nayapunguza kwa daktari, Jumatano ijayo naenda tena. Wewe piga yaliyopo leo."

Mpiga picha akamgeukia Mwalimu Vedasto, maana ndiye mwenye kazi. Mwalimu akavuta sare yake ikae sawa.

"Umemsikia," alisema. "Piga yaliyopo."