Usiungoje Mpira

Mwanangu akiusahau mpira wake juani, harufu ya ile raba iliyopata moto hunirudisha Malindi, kwa kaka yangu.

Kaka alikuwa mrefu kuliko wachezaji wote wa kikapu shuleni, na mwalimu wa michezo alimtaka jambo moja tu: asimame chini ya goli, adake mipira inayogonga pete ikarudi. "Urefu wako ndio kazi yako," alimwambia. Lakini kaka alikuwa na mikono laini, iliyojua kutoa pasi. Jioni, uani kwetu, tulikopigilia pete ya pipa ukutani, alinionyesha mchezo alioutamani. Alisimama mbali kidogo na goli, ameligeuzia mgongo, mpira ameuinua juu usikofikiwa na mtu.

"Mrefu anawaona wote," alisema. "Wampe mpira, kisha wakimbie. Wewe nawe usisimame kuungoja. Kimbia, utaukuta."

Nilikimbia, na kweli niliukuta, umetua viganjani mwangu kabla sijaugeukia vizuri.

Mwalimu hakumjaribisha hivyo hata mechi moja. Kisha kaka akashikwa na homa, na homa haikumwachia.

Siku ya maziko jeneza lilikwenda mbio, wanaume wakipokezana mabegani, kila mmoja akitangulia mbele apate zamu yake. Nami, niliyewafika kiunoni tu, nikakimbia, nikawapita wote, nikageuka, nikainua mikono.

Likanipita kwa juu.