Samaki Niliyempa Jina la Baba Mkwe

Hii aibu nimeibeba peke yangu vya kutosha, wacha sasa tugawane, maana Nakuru nzima inaijua (sawa, ploti yetu nzima) na kila anayeisimulia anaitia chumvi isipokuwa mimi, mtu ambaye sijawahi kutia chumvi kitu maishani.

Nafuga sikilidi. Ni samaki wadogo wa rangi, binamu wa tilapia ila wenye kiburi zaidi, na tangi langu la kioo limejaa sebuleni mpaka wageni wanakaa kwa zamu. Tangu nimalize sekondari kwa masomo ya jioni (biolojia niliipasua hadi mwalimu akatokwa machozi), nimekuwa mtu wa kuuliza: huyu anakula nini, yule anamfukuza nani, na hasa, dume ni yupi? Maana hawa wangu wa manjano wanafanana kama watoto waliovaa sare.

Mmoja alikuwa mkubwa, mapezi meusi kama viatu vya askari, madoa kama mayai kwenye pezi la chini, na aliwafukuza wenzake tangi zima. Nikasema huyu ni dume, tena mwenye mji. Na kwa vile nilikuwa namchumbia Njoki, na kwao Wakikuyu mtoto hupewa jina la babu yake, mimi Wafula, mjukuu wa fundi wa reli kutoka magharibi, nikaona nijipendekeze mapema: nikamwita Kamau, jina la baba yake Njoki.

Baadaye nikasoma kwamba rangi na madoa hudanganya, hata jike mbabe hujipamba hivyo, na njia ya hakika ni kumtoa samaki, kumpindua tumbo juu na kuchungulia vitundu viwili vilivyo hapo chini. Nikashika wavu. Nikasita. Jamani, kwetu baba mkwe hata kumtazama machoni ni kazi, sembuse kumpindua na kumchungulia! Nikaurudisha wavu msumarini.

Basi wazee wakaja kutoka Molo kuona binti yao ataishi wapi, kabla ya kukubali tarehe ya harusi. Njoki alikuwa ameshawaambia habari za Kamau. Mzee hakutaka hata chai.

"Niko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akainama mpaka kofia ikagusa kioo. "Kweli huyu ni mwanaume, ona kifua. Lakini mbona hali?"

Ni kweli, Kamau alikuwa hajala siku nyingi, na kidevu kimevimba. "Mzee, huyu ni mtu wa heshima, hali mbele ya wageni," nikasema (moyoni nilidhani ni jino).

"Mtoe nimwone vizuri."

Nikamtoa kwa wavu, nikamtia kwenye bakuli la maji ambalo Njoki alikuwa amelitengea kachumbari, hapo mezani katikati ya chapati. Kamau akazunguka, akashtuka, akapanua kinywa, na humo vikamwagika vitoto, kimoja, kumi, naapa elfu moja, kila kimoja na macho yake, vyote vinatutazama sisi.

Hata friji ilinyamaza.

"Wafula," mzee akasema polepole, "nimefanya nini hapo?"

"Umejifungua, Baba Njoki!" mkewe akadakia. "Tena salama!" Akacheka hadi leso ikaanguka. Jikoni nikasikia Njoki akiangusha sufuria.

Mzee hakucheka. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena, akasimama, nami nikaiona harusi yangu ikielekea mlangoni. Halafu akageuka.

"Kwani vilikuwa vinapumuaje humo ndani?"

Nikamweleza kwamba jike hubeba mayai kinywani, huyapepea kwa maji, na hali chakula mpaka watoto wakomae.

"Asije akavimeza," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akavuta kiti, akakaa, tukaangalia bakuli mpaka chai ikapoa.

Walipokuwa wakiondoka, alinishika bega. "Tarehe nimekubali. Lakini huyo mtoto mtakayempa jina langu, mmwangalie kwanza."

Nimeapa: hakuna samaki atakayepata jina kwangu kabla sijampindua. Isipokuwa yule aliyekuwa Kamau tu, maana Mama Njoki aliamuru siku ileile kwamba kuanzia sasa aitwe Wambui, jina lake yeye. Mama mkwe! Huyo simpindui ng'o.