Gunia Lililala Wapi?

Nilisoma darasa la kwanza na nusu ya la pili, nikaachia hapo. Siombi msamaha. Siku hizi vijana wa mji wa Baraka wananiambia biashara inaongozwa na takwimu, wanalitamka neno hilo kama kitu kilichoshuka na ndege. Mimi nilizikusanya wakati wa vita, kwa vitambaa na makaa.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukianika ndagala, samaki wadogo, ufukweni mwa ziwa kwa patroni mmoja mwenye mali. Samaki wakishakauka tulijaza magunia, na kila mama alifunga mdomo wa gunia kwa kipande cha kitenge chake, ijulikane nani alianika. Wabebaji waliyapandisha kwa miguu hadi soko la Minembwe.

Msimu mmoja magunia yakaanza kufika yameota ukungu. Wanunuzi wakayakataa. Patroni akaja kutukusanya pale pale mchangani, karani wake pembeni na daftari.

"Bamama, munajaza samaki babichi juu gunia ipate uzito. Bezi bote! Ikioza tena, kila mutu aende kwake."

Karani akaitikia kwa kichwa kama mjusi. Daftari lake lilisema magunia mangapi yametoka, basi.

Kazi hiyo ndiyo ilitulisha. Mashamba yetu ya mihogo mlimani hatukuyafikia tena, wenye bunduki walikuwa wamepiga kambi humo.

Nikamwambia mkubwa wa wabebaji, "Kaka, gunia ikioza, kitambaa yake usitupe. Uniletee."

"Dada, unataka kushona kanzu ya viraka?"

Alicheka, lakini alileta. Nikavitandika mchangani. Vilikuwa vya karibu kila mmoja wetu, changu pia. Kama ni wizi, basi tuliiba sote kwa kipimo kimoja! Nikajua kosa haliko mikononi mwetu.

Toka hapo, kila gunia likianza safari, nikapaka makaa kwenye kitambaa chake. Mstari mmoja: gunia limeondoka siku ile ile. Miwili: limelala depo ya zamani ya patroni, ghala la udongo. Mitatu: limelala depo mpya ya simenti. Hiyo ya simenti ndiyo ilikuwa fahari ya patroni. Aliijenga kwa kuogopa waporaji, mlango wa chuma, sakafu laini kama sahani.

Safari tatu nilingoja. Vitambaa vilivyorudi vilikuwa vya mistari mitatu, isipokuwa kimoja cha miwili, na gunia hilo mbebaji alikiri lilimwangukia mtoni.

Nikampelekea patroni. "Mwizi ni sakafu yako."

"Weye mama, unajua kusoma?"

"Hapana. Karani wako anajua. Asome hizi."

"Hii si hesabu," karani akasema, "ni matambara."

"Basi ulale pale chini na shati yako, asubuhi utuambie kama iko kavu."

Patroni hakucheka. "Nirudishe mali kwenye udongo, baporaji babomoe ukuta kwa teke moja?"

Hapo alikuwa na haki, nasema kweli. Ukuta wa udongo ulikuwa umeshabomolewa kwa jirani yake.

"Usitoe. Inua! Hata mbuzi wetu banalala juu ya kichanja ya miti, sembuse samaki yako."

Akashika tishio lake la kwanza, akatufukuza sote kumi na wawili. Akaleta wanawake wengine kutoka kijiji cha Swima. Magunia yao yakaoza vile vile, na safari hii hakuwa na wa kumwita mwizi, maana alikuwa amewasifu mbele ya soko zima.

Karani akaja kwangu kutuita ofisini. "Patroni anabaita ku bureau."

"Alituita bezi kwenye muchanga. Aje kwenye muchanga."

Mama mmoja wetu, aliyeketi nyuma yangu, alinifinya mgongo nikubali, hadi leo naukumbuka ukucha wake. Nyumbani kwake walikuwa wamekula majani matupu siku mbili. Hata kwangu chungu kilikuwa kikavu. Lakini ningerudi na jina la mwizi, kila ukungu wa kesho ungekuwa wangu.

Siku ya tatu patroni akaja mchangani, viatu mkononi.

"Bamama, sakafu inatoa maji. Mulisema kweli."

"Sema ile ingine," nikamwambia.

Akatazama ziwa. "Hamukuiba."

"Kwa nguvu kidogo," akasema yule aliyenifinya, "huyu mwenzetu wa mwisho masikio yake ni mazito."

Akarudia kwa sauti. Ndipo tukaenda kukata miti ya kichanja.