Betri ya Thelma, Buti la Hedley

Niseme mapema kwamba mimi niko upande wa Thelma. Tumekuwa majirani hapa Bacup, kaskazini mwa Uingereza, miaka ishirini na miwili, dirisha la jikoni kwangu linatazama gereji yao, na haya yote nimeyaona kwa macho yangu. Anayetaka kusikia maneno ya mumewe akamuulize Hedley mwenyewe.

Thelma Ormerod alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na mmoja, akifunga nyaya za ndege. Nyaya mia tatu kwenye fungu moja, kila moja na njia yake, na mabwana wakubwa wakapanda ndege hizo na kusinzia bila wasiwasi. Alipostaafu alimkuta Hedley ameshanunua gari la kujiundia, lile linaloletwa vipande vipande kwenye makasha, ukaliunganisha mwenyewe kama una subira. Hedley alitumia miaka tisa. Nyaya zote alizifunga Thelma, amelala chali kwenye sakafu ya baridi. Gari likaisha, dogo, jekundu, wazi juu, lenye viti viwili. Watu wakampongeza Hedley.

Kila Juni klabu yao ya wenye magari kama hayo huenda kupiga kambi siku tatu huko kusini, magari yote kwa msafara. Sasa, betri ya gari lile ilikaa ndani ya buti, sehemu ya mizigo kule nyuma, katikati kabisa, na nafasi iliyobaki ilitosha chupa ya chai na pea ya soksi. Kwa hiyo hema, jiko, magodoro na keki vilihitaji gari la pili, yaani kile kigari kikuukuu cha Thelma cha kuendea sokoni. Miaka sita mfululizo mwanamke huyu alisafiri peke yake mkiani mwa msafara, akitazama kisogo cha mumewe. Kwenye kiti cha pembeni, Hedley aliweka koti lake la mvua.

Thelma hakuomba makubwa. Alitaka mara moja tu aketi pale pa koti, waende pamoja. Akashauri betri ihamishiwe mbele, chini ya boneti, palipokuwa na nafasi tupu juu ya miguu ya abiria. Hedley alimjibu kwamba mchoro wa kiwanda unaonyesha betri nyuma, kwa hiyo itakaa nyuma. Mwenyekiti wa klabu, Clive Entwistle, akachangia huku pai ikiwa mdomoni.

"Shemeji, uzito wa nyuma ndio unaoshika barabara. Haya mambo tuachie sisi."

Nilikuwepo. Nilitamani ile pai imkwame. Kumwambia hivyo mtu aliyefunga kila waya wa gari lile!

Basi mwezi wa nne Hedley akaenda kwa kaka yake siku nne. Thelma aliifungua betri, akaitengenezea kitako cha chuma na mkanda wa kuibana, akaipeleka mbele. Waya mnene alioupitisha kwenye ukuta wa injini aliuvisha mpira usije ukakatwa na bati. Waya wa hasi aliufunga kwenye chesisi yenyewe, fremu ya chuma ya gari, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, maana bodi ni ya faiba na faiba haipitishi umeme. Kisha akaniita niwashe. Injini ilishika mara ya kwanza, naye akafuta mikono.

Hedley aliporudi alikagua, akakosa kasoro, akafunga boneti. Wiki iliyofuata nilimsikia akiwaambia wenzake, "Tumehamisha betri." Tumehamisha, eti.

Asubuhi ya safari Thelma alitoka amevaa koti la mvua, amefunga kitambaa kichwani na kupaka rangi ya mdomo, mikononi ana hema jipya alilolipima lienee kwenye buti. Alipofungua buti akakuta limejaa. Jeki, sanduku la spana, mikanda, pampu ya maji, alteneta mbili. Hawa watu wa magari ya kujiundia hawaamini walichokiunda, hivyo hutembea na nusu ya gari jingine mgongoni.

"Hedley, hema litakaa wapi?"

"Si utakuja nalo kwenye kigari chako, mpenzi? Nilidhani nafasi umenitengenezea mimi."

Damu ilinichemka, na mume si wangu. Thelma aliliweka hema chini. Alinyoosha mkono akaomba ufunguo, na Hedley akampa akidhani anataka kulisogeza gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimemwagiwa povu likaganda kwa umbo la makalio ya Hedley. Thelma akaweka mto, akaketi. Jina lake lilikuwa kwenye bima tangu mwanzo, Hedley mwenyewe aliliandikisha kwa sababu jina la mke lilipunguza ada.

"Hema hilo hapo chini," akamwambia. "Ufunguo wa kigari uko jikoni. Gia ya pili ibembeleze."

"Na hili likikuharibikia njiani?"

"Vifaa viko nyuma. Nyaya nilifunga mimi."

Hedley alisimama amekumbatia hema, akikitazama kiti cha abiria kama anayengoja kukaribishwa. Nadhani Thelma alimwona. Alivua koti lake mwenyewe la mvua, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti hicho, kisha akawasha gari.